Ng'ombe wa Mzee Wendell

Mzee Wendell amekufa. Habari hiyo imenikuta nimejifungia chooni shuleni, somo la kemia likiendelea bila mimi, maana kemia na mimi tulikubaliana zamani kila mmoja ashike njia yake. Nilikuwa napitisha kidole kwenye simu, ikatokea picha ya gari la kijani lenye namba 46 ubavuni, kitambaa cheusi kimefungwa kwenye boneti. Chini yake Trevor, mjukuu wake, ameandika kwamba babu ameenda na mazishi ni Jumamosi, Shively. Trevor nimemfuata mtandaoni miaka yote hii kwa jina la uongo na picha ya paka. Hajui kama ni mimi.

Nilikaa pale mpaka kengele ikalia. Hapa Columbus mimi ndiye mchekeshaji wa darasa, wa kanisa, wa basi la shule. Hata mchungaji akiniona nimefungua mdomo huanza kufunga ibada. Siku hiyo sikumchekesha mtu.

Nyinyi mliokua kama mimi mtanielewa upesi. Una miaka minane, tisa, Kiingereza kimekuingia kwa njia ya katuni, na ghafla wewe ndiye mdomo wa nyumba nzima. Barua ya bili ya umeme inasomwa na wewe. Daktari anaongea na wewe juu ya tumbo la mama yako, mambo ambayo hakuna mtoto angetaka kuyajua. Na kwenye kikao cha wazazi mwalimu anasema, "Aline anaongea sana, anavuruga darasa," nawe unamgeukia baba yako kwa adabu zote: "Mwalimu anasema ninashiriki sana." Baba anamshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Hilo nililifanya, tena si mara moja, na usingizi wangu ni mzuri tu. Linaloninyima usingizi ni lingine.

Wakati huo tulikaa Louisville, mtaa wa Beechmont, ghorofa ya juu, nyumba ambayo jirani wa chini alipokaanga vitunguu tulikula harufu yake bure. Baba alikuwa amepata kazi kwenye ghala kubwa, kupanga maboksi kuanzia alfajiri, na saa hiyo basi la kwanza lilikuwa bado limelala. Aliyemwokoa ni Wendell, mzee wa Shively, mtaa wa jirani, aliyeendesha forklifti ya kuinua mizigo palepale. Hakuna aliyemwomba. Alimwona tu baba anatembea pembeni ya barabara kwenye baridi, akasimamisha gari, akafungua mlango. Kesho yake akaja mpaka mlangoni kwetu. Na kesho kutwa. Miezi minane hivyo, kwenda na kurudi, na kila baba alipotoa pesa ya petroli mzee aliusukuma mkono wake kama anafukuza nzi.

Lugha hawakuwa nayo. Baba alijua maneno kumi na mawili ya Kiingereza, nilikuwa nimeyahesabu. Wendell alijua "jambo", na alilitamka kama jina la dawa. Lakini baba akirudi jioni alivua viatu na kusema, "Leo mimi na Wendeli tuliongea sana."

"Muliongea luga gani?" mama anauliza.

"Eh. Tuliongea tu."

Wendell alikuwa na ugonjwa mmoja, mashindano ya magari. Si yale makubwa ya kwenye televisheni. Ya kwake yalikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Indiana, kiwanja kidogo cha lami cha duara ambapo watu wa kawaida, mafundi bomba na wauza matairi, huleta magari yao chakavu kila Jumamosi jioni na kuyagonganisha. Wendell alikuwa na lake, alilolichomelea mwenyewe uani. Siku moja akamwalika baba, akaonyesha kwa kidole kwamba niende pia, maana bila mimi wangekaa jioni nzima na maneno yao kumi na tatu.

Mama alibaki na mtoto mchanga, lakini kwanza alitaka kuelewa.

"Hayo magari inazunguka inaenda wapi?"

"Haiendi popote, Mama. Inazunguka tu."

"Na batu banalipa kuona?"

"Ndiyo."

Mama akamtazama baba. "Bon. Muende. Mukirudi mutaniambia ilifika wapi."

Halafu baba akatoka chumbani amevaa suti, ile nyeusi ya harusi na ya Pasaka, na kofia yake ya kitambaa. Mimi nilikuwa na kaptula. Nilimwambia, Baba, kule ni vumbi na mafuta, watu wanavaa fulana. Akanijibu, "Ninajua kwenye ninaenda." Sikumwamini. Nilidhani hajui, kwamba ni yale yale ya wazazi wetu, kwenda sokoni kama wanaenda kubatizwa. Hilo ndilo kosa la kwanza la siku ile, na lilifanyika kichwani mwangu kabla hatujatoka mlangoni.

Kiwanja kile nakikumbuka kwa pua kwanza. Mpira ulioungua, petroli, vitunguu na soseji, na jasho la watu waliokaa wamebanana juu ya mbao. Kisha sauti. Nilikuwa nimezoea sauti kuingia kwa masikio, lakini ile iliingia kwa kifua, ikakaa huko kama mgeni asiyeaga. Wendell alitupa vizibo vya manjano vya masikio. Baba alivitazama, akavitia mfukoni mwa suti, nadhani alifikiri ni zawadi.

Kabla ya kuanza, mtu mmoja kwenye kipaza sauti aliomba kila mtu asimame, akasali. Aliwaombea madereva, na mikono yao, na familia zao. Mamia ya vichwa viliinama, kofia zikavuliwa. Baba alifumba macho kabisa, akanyoosha mikono mbele, na sala ilipoisha, watu wameshaanza kukaa, alitoa "Amina" yake ya kilokole, ndefu, peke yake. Watu wa safu ya mbele waligeuka. Pembeni yetu mvulana mmoja mwenye kofia nyekundu alicheka. Ndiye Trevor. Alikuwa na miaka kama kumi na moja, amekaa na sisi kwa sababu babu yake alimwagiza atuangalie, na alikuwa akituangalia kama adhabu. Nilitamani mbao zile zifunguke nianguke chini pamoja na maganda ya karanga.

Magari yakaanza. Yalikuwa hayana vioo, milango imechomelewa, dereva anaingia kwa dirisha kama mwizi. Bendera ya kijani ilipoangushwa yalikwenda kwa pamoja, bampa kwa bampa, ubavu kwa ubavu, yanakoroma, na kila yalipofika konani moja lilimsukuma mwenzake. Baba aliinama mbele, viwiko magotini. Nilimsikia anaongea peke yake, anayataja kwa rangi: ile nyekundu ina kiburi, ile nyeupe inaogopa, ona ile nyeusi, inataka kupita kwa ndani. Miaka yake yote kabla ya vita ilipita nyuma ya ng'ombe kwenye milima ya Itombwe, kule kwetu. Alikuwa anaangalia kundi.

Namba 46 ya Wendell haikuwa na kiburi wala woga. Ilikuwa nzito tu. Kwenye mzunguko wa sita iligongwa nyuma, ikageuka ikatazama ilikotoka, moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye rejeta. Baba alisimama na mikono kichwani. Wendell aliligeuza tena, akaendelea kuzunguka taratibu na moshi wake, wenzake wote wanampita, mpaka mwisho. Alikuwa wa pili kutoka nyuma, na aliyekuwa wa mwisho alikuwa amebaki na magurudumu matatu.

Baada ya mbio waliwaruhusu watu kuingia huko ndani magari yanakoegeshwa. Wendell alikuwa amekaa juu ya tairi, uso mweusi kwa moshi isipokuwa pale miwani ilipokuwa, amefurahi kana kwamba ameshinda. Wenzake kama watano walimzunguka, na Trevor akajisogeza. Baba akavua kofia. Akanishika bega, akaniweka katikati yao.

"Aline, simama muzuri. Uniseme yote, usipunguze."

Nikasimama.

"Mwambie ivi. Wendeli, miezi munane umenibeba mu gari yako. Haukuniomba kitu. Kwetu mutu wa vile hatumuite mutu wa kazi, tunamuita ndugu. Mimi hapa sina kitu. Lakini kule milima niko na ng'ombe yangu, iko kwa mudogo wangu. Jina yake Gaju. Iko na mimba. Leo, mbele ya mutoto wangu na mbele ya mujukuu yako, ninakupa Gaju. Iko yako, na batoto yake yote ni yako, na batoto ya batoto yake."

Aliyasema polepole, amenyooka, sauti aliyokuwa akiitumia kanisani siku za kutoa ushuhuda. Sasa nikaelewa suti. Niliielewa, nawaambia ukweli. Si kwamba nilikuwa mdogo sikujua uzito wake. Kwetu hata mtoto wa kunyonya anajua ng'ombe anapotolewa hewa inabadilika.

Lakini wale wazungu watano walikuwa wananitazama wakisubiri. Na Trevor alikuwa ameinua nyusi moja, midomo yake imeshaanza kucheka suti ya baba. Nikajiona mimi, na kaptula yangu, nikisema kwa Kiingereza kwamba baba yangu anampa huyu mzee mwenye gari mbili na nyumba ya matofali ng'ombe mmoja aliye Afrika, ambaye hatamwona milele. Nikasikia watakavyocheka. Basi nikaamua, wakicheka, wacheke kwa sababu yangu.

Nikasema, "Baba anasema gari lako linakimbia kama ng'ombe wetu mwenye mimba."

Walicheka. Jamani, walicheka mpaka Trevor akatokwa soda puani. Wendell alijishika tumbo, akafuta machozi, akaacha mstari mweupe kwenye masizi. Akasema, "Mwambie amesema kweli, na linakunywa maji kama ng'ombe pia." Akasimama, akamkumbatia baba kwa mikono miwili, akachafua ile suti mgongoni.

"Anasema nini?" baba akauliza juu ya bega la mzee.

"Anasema asante sana."

"Na anacheka nini?"

"Anafurahi, Baba."

Kwetu mtu akipewa ng'ombe anaweza kupiga kelele, kuruka, hata kucheka. Baba akaridhika. Trevor akanisogelea, akanipa nusu ya pipi yake ndefu iliyosokotwa kama kamba na kuniambia mimi ni mtu wa kuchekesha. Ndiyo mara ya kwanza mtoto wa Marekani kuniambia hivyo. Nilirudi nyumbani nimeshinda mbio.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, baba alipanga viti sebuleni. Alimtuma mama dukani akanunua ile soda ya kijani ambayo Wendell alikuwa akinywa garini, chupa kumi na mbili. Kisha akakaa, amevaa shati jeupe, dirisha likiwa wazi. Nilidhani tunapata wageni wa kanisa. Hawakuja. Jumapili ya pili viti vikapangwa tena. Ya tatu nilikunywa chupa mbili kwa siri, na ya nne, chupa nne. Hakuna aliyenieleza, na sikuuliza, mpaka nilipomsikia mama usiku anasema, "Labda kwabo hawajue." Na baba: "Mutu anajua asante."

Maana mwenye kupewa ng'ombe huja. Anakuja nyumbani kwa aliyempa, na kinywaji na watu wake, anasema maneno ya kumsifu yeye na ng'ombe, ndipo udugu unafungwa. Baba alikuwa amemrahisishia mzee, kinywaji amekinunua mwenyewe. Kilichotakiwa ni kuja tu.

Badala yake Wendell alifanya kitu kingine. Kila alfajiri akifika chini ya nyumba, zamani alipiga honi mara moja. Sasa alishusha kioo na kulia, "Muuu." Ndefu, ya mapenzi kabisa, kama mtu anayemtania rafiki yake kwa utani ambao rafiki mwenyewe ameuanzisha. Ghalani aliwaeleza wenzake utani ule mzuri wa jamaa yake. Wiki ikaisha, ghala lote linamlilia baba ng'ombe. Akipita na boksi, muuu. Akifungua chakula chake, muuu.

Baba alivumilia wiki nne. Wiki ya tano, alfajiri moja, mzee alipolia chini ya nyumba baba alikuwa ameshaondoka kwa miguu, saa tisa ya usiku, akaanza kwenda hivyo kila siku. Mama alipomuuliza alisema kitu kimoja: "Anacheka ng'ombe yangu." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba chetu. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Niliirudia kimoyomoyo mpaka ikapoteza maana, kisha nikalala.

Mngefikiri hapo ndipo pabaya zaidi. Sipo. Jumamosi moja mchana Wendell alipanda ngazi zetu, akagonga. Alikuwa ameshika kofia mkononi. Sijui kama mzee yule alikuwa amewahi kugonga mlango wa mtu huku amevua kofia. Baba akasimama mlangoni bila kumkaribisha, jambo ambalo sijamwona akimfanyia hata mtu wa kudai kodi. Wakaniita.

Wendell aliongea na mimi kwa sauti ya chini. "Mtoto, muulize baba yako nimemkosea nini. Kama nimemkosea, nataka kujua."

Baba ananitazama. Wendell ananitazama. Na hapo hapakuwa na Trevor, hapakuwa na mtu wa kumchekesha. Nilikuwa na woga mtupu, woga wa mkanda na wa aibu, na nikauchagua.

"Baba, anauliza kama uko muzima."

Baba akajibu: "Mwambie niko muzima."

"Anasema hakuna kitu," nikamwambia Wendell.

Labda mzee alitegemea neno refu zaidi. Akavaa kofia. Nilimhesabia ngazi akishuka, zilikuwa kumi na saba.

Kabla ya Krismasi tulihamia Columbus. Baba alipata ghala jingine upande wa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, akanunua gari la mtumba, akawa anabeba watu wengine alfajiri na kukataa pesa yao. Wendell hakutajwa tena nyumbani, isipokuwa kwa njia moja. Mara kwa mara baba mkubwa alipiga simu kutoka Buffalo, yeye ndiye alikuwa akipata habari za mifugo kutoka kwa ndugu waliobaki. Baba aliweka sauti ya juu akinyoa ndevu. Fulani amezaa, fulani amekufa. Halafu, "Na ile ya Muzungu imezaa tena, ya kike." Na baba, povu shavuni: "Muiweke pembeni. Iko ya Wendeli." Hakuwa amemnyang'anya. Alimkasirikia mtu huku anamchungia ng'ombe. Ng'ombe wa Wendell walifika watano. Vita viliporudi na kufagia kundi lote, baba alikaa kitandani akihesabu kwa vidole, na alipomaliza wa kwake alianza upya mkono mwingine, akahesabu wa Wendell.

Kila simu ile ilikuwa nafasi yangu. Nilitia mzaha, nikauliza kama ng'ombe wa Mzungu analia kwa Kiingereza. Hata mama alicheka.

Basi jioni ya ile siku ya kemia nilimkuta baba jikoni, anakula wali na maharage kabla ya shifti. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama sana. Kisha nikamwambia nilivyotafsiri maneno yake siku ile ya mbio. Sikukaa, na sikutia utani hata mmoja, labda ndiyo sababu alijua ni kweli kabla sijamaliza.

"Uliseme vile ulisema," akasema. "Mu Kiingereza."

Nikasema. Sentensi ile bado ninayo yote. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza injini.

"Na ile siku ku mulango? Aliniuliza nini?"

Hilo sikuwa nimemwambia. Alifika mwenyewe.

"Aliuliza alikukosea nini, Baba."

Aliweka kijiko. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa mkanda hata, na umri wangu huu. "Donc," akasema, "alikufa akijua mimi ndiye mutu mubaya." Akainuka, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwetu, akaenda kazini.

Hajanigombeza mpaka leo. Jumatano, kabla ya mazishi, tulikuwa na miadi yake ya kliniki, presha. Nilikosa shule kama kawaida, nikaketi kiti cha pembeni kama kawaida. Daktari, mama mmoja mwembamba, akaja na tabasamu, akanigeukia mimi. Baba akainua mkono. Akasema kwa Kiingereza, maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi, nilisikia yalivyokaririwa: anaomba mkalimani wa simu.

Daktari alishangaa. Akanitazama, akatazama simu ya mezani, akapiga. Sauti ya mwanamke ikatoka, Kiswahili cha Bujumbura, safi, kimechoka kidogo. Baba akaanza kueleza. Yule mkalimani alimngoja amalize, akayapitisha yote, hata "bon" zake za Kifaransa alizitafutia mahali. Baba akasema dawa ya asubuhi inamfanya aende chooni mara nyingi mpaka msimamizi wake anafikiri anaficha maboksi huko. Nikasubiri ile sehemu ambayo mimi huwa naikata. Mwanamke wa simu hakuikata. Daktari alicheka, akaweka kalamu chini, akacheka tena.

Miaka minane nimekuwa nikimsemea baba yangu kila mahali, na sikujua kwamba ni mtu wa kuchekesha. Aliongea nusu saa. Nilikaa na koti lake magotini, nikitazama midomo yao ikipokezana, kama mtu asiyejua lugha.